Mukate Si Ngano Peke Yake



Mwezi huu tuzungumze juu ya mukate. Sisemi mukate wa meza ya Bwana. Nasema mukate wa asubuhi, ule mutoto anautia katika mufuko wa masomo, ule mama anauliza bei yake kila siku mbele ya kufungua kitambaa cha feza. Katika miji yetu ya migodi, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, mukate umekuwa kipimo cha nyumba. Nyumba yenye mukate na chai, watu wanasema: "Kule banaishi." Nyumba inayopasha bukari ya jana, watoto wanafunga mulango kwanza ili jirani asione. Basi, ndugu musomaji, nani alitufundisha kwamba mukate ni ngano tu?

Nafaka ya Ezekieli

Fungueni kitabu cha Ezekieli, sura ya 4, mustari wa 9. Hapo nabii anaagizwa kutengeneza mukate kwa kuchanganya vitu sita katika chombo kimoja: ngano, shayiri, kunde, dengu, mutama, na kitu cha sita ambacho wengi wanakipita mbio. Biblia ya Kifaransa ya Segond inakiita épeautre. Tafsiri ya Kiswahili ya Union iliacha neno la Kiebrania karibu kama lilivyo: kusemethi. Nafaka hiyo iko vilevile katika Kutoka 9, pale mvua ya mawe ilipoharibu mashamba ya Misri. Shayiri iliangamia, lakini ngano na nafaka hiyo zilipona, kwa kuwa zilikuwa zinachelewa kukomaa.

Tulipokuwa masomoni kwenye shule ya Biblia, mumoja wetu aliuliza: "Kitu hiki ni nini?" Mwalimu akajibu: "Ni namna ya ngano," akaendelea na somo. Jibu lake lilikuwa la kweli. Wachunguzi wengi leo wanaongeza kwamba nafaka iliyolimwa Misri ya zamani ilikuwa ndugu wa épeautre, wala si épeautre yenyewe. Lakini ni jamaa moja: ngano za kale, ambazo makapi yake yanashikamana na punje na hayatoki kwa kupepeta tu.

Tena tusisahau: mukate ule wa Ezekieli ulikuwa alama ya njaa ya muji uliozungukwa na adui. Kipimo chake kilikuwa shekeli 20 kwa siku, karibu gramu 230. Watu hawakuchanganya kwa kutafuta utamu. Walichanganya kwa sababu hakuna nafaka moja iliyobaki ya kutosha. Kumbe tangu zamani nyumba yenye akili, ngano ikipungua, haikukaa kulia. Ilitazama ni nini kingine kiko ndani ya gala.

Nilivyoiona kwa macho

Mwaka 2017 kanisa letu lilituma watu wanne kutembelea kanisa rafiki kusini mwa Ujerumani, nami nilikuwa mumoja wao. Tulikaa siku 18 katika kijiji kimoja juu ya milima ya Schwäbische Alb. Udongo kule ni mwembamba, umejaa mawe ya chokaa, na baridi yake si ya kucheza. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba nilimolala alileta mukate wa rangi ya kahawia, akasema: "Hii ni Dinkel." Nilipotafuta neno hilo katika kamusi ya Kifaransa, nikakuta: épeautre. Nilifurahi sawa mutu anayekutana na mugeni aliyesikia tu jina lake miaka ishirini! Hapa chini nitaiandika dinkeli, ili tusichoke.

Dinkeli inavumilia udongo maskini na baridi ya milimani. Kwa hiyo ilipendwa kusini mwa Ujerumani, Uswisi, na katika milima ya Ardennes kule Ubelgiji. Mutawa mumoja wa Ujerumani, Hildegard wa Bingen, aliyekufa mwaka 1179, aliisifu sana katika maandiko yake. Lakini ina deni lake. Shamba lake linatoa mavuno machache kuliko ngano ya kisasa. Tena, sababu makapi yanashikamana, inahitaji mashine ya pekee ya kuyatoa, na katika kilo 10 za mavuno karibu kilo 3 ni makapi matupu. Ndiyo sababu katika karne ya 20 wakulima wengi waliiacha. Ilianza kurudi kwenye miaka ya 1980, wakati watu wa Ulaya walipoanza kutafuta vyakula vya kale na mashamba yasiyotiwa dawa. Leo inauzwa bei kubwa kuliko ngano. Chakula cha wamaskini wa milimani kimekuwa chakula cha wenye feza. Mulishike neno hilo, tutalirudia.

Unga una tabia yake

Wababa munaosoma, musicheke: niliomba kuingia jikoni. Mama yule alinifundisha kwamba anayetaka kupika dinkeli kwa sheria za ngano atapata jiwe. Katika ngano muna kitu kinaitwa gluteni. Ukikanda unga na maji, gluteni inajifunga kama nyuzi, inashika hewa ya chachu, na mukate unavimba. Dinkeli nayo iko na gluteni, lakini nyuzi zake ni laizi: zinavutika mbio na kukatika mbio. Kwa hiyo inakandwa polepole na kwa muda mufupi. Ukiikanda kwa nguvu kama unapiga matofali, donge linalegea na kutandaa. Haipendi maji mengi. Yeye alitumia gramu 500 za unga, gramu 300 za maji, gramu 10 za chumvi na chachu kidogo. Tena donge lake linaumuka mbio, ukilisahau linaanguka.

Mukate wa dinkeli una shida nyingine: unakauka upesi. Dawa yake ilinishangaza. Mama yule alichukua unga kidogo, akaupika na maji mpaka ukawa uji muzito, akauacha upoe, kisha akauchanganya katika donge. Uji huo unashika maji, na mukate unabaki laini hata kesho. Nilimwambia: "Mama, kupika uji hata sisi tunajua!" Wote tukacheka. Lakini somo lile nililitia katika mufuko, kwani niliona litatufaa kwetu.

Mutoto ambaye hakula

Katika nyumba ile mulikuwa mujukuu wa miaka 9. Kila asubuhi walimwekea kisahani chake mbali, kisu chake mbali, na mukate wake mweupe mudogo uliotoka katika pakiti. Hakugusa mukate wa bibi yake, hata kama ulinukia nyumba nzima. Niliuliza sababu. Mama yake alinieleza kwamba mutoto ana ugonjwa wa seliaki. Mwili wa mutu wa namna hii unapigana na gluteni, na katika vita hiyo tumbo lake la ndani linaumia. Mutoto anahara, anakonda, damu inapunguka, hakui vizuri. Dawa yake ni kuacha ngano, shayiri na jamaa zao zote, maisha yote.

Hapa, wapendwa, sikieni vizuri, kwa sababu kuna watu wanaotangaza dinkeli kama dawa ya tumbo. Wengine wanasema: "Mimi ngano inanisumbua, lakini dinkeli inanifaa." Pengine ni kweli kwao. Lakini kwa mutu wa seliaki, dinkeli ni ngano tu. Jina la kale haliondoi gluteni. Hata mwenye mwili unaokataa ngano kwa namna nyingine asiijaribu bila kuuliza munganga. Mama yule alisema: "Mutu mumoja alituambia hii ni nafaka ya Biblia, haiwezi kumuumiza. Tulimupa. Alilala siku tatu." Hapo nilinyamaza. Maandiko hayakuandikwa ili tuyafanye tangazo la soko.

Siku ya Jumamosi nililomba ruhusa nipike mimi. Tulinunua unga wa mahindi, pakiti yenye alama kwamba haina gluteni, nami nikasonga bukari. Haikuwa na harufu ya unga wa kwetu, lakini ilikuwa bukari kamili. Wakaleta kabichi na nyama. Mujukuu yule akala kwa mukono kama nilivyomuonyesha, akaomba tena, akala katika chungu kimoja na wote. Bibi yake aliweka kijiko chini akamutazama tu. Mama yake akaniuliza: "Kwenu munakula hii kila siku?" Nikajibu: "Kila siku." Akasema: "Basi, kwenu mutoto wangu angekuwa mutoto kama wengine."

Neno hili lilinifuata mpaka nyumbani. Mahindi, muhogo, masaka, malezi, muchele, ndizi, viazi vitamu: hakuna hata kimoja chenye gluteni. Watu wale wanatafuta kwa bei kali unga ambao sisi tunaufunika watu wasiuone.

Sasa kwetu tufanye je?

Wengine watasema: "Pasta, dinkeli haiko kwetu, unatusumbua bure." Ni kweli haiko. Wala siwatumi kuitafuta. Nataka tuchukue akili ya yule mama, tuache nafaka yake kwake. Akili hiyo ni hii: jua tabia ya unga ulio nao.

Munajua ngano karibu yote tunayokula inatoka inje ya inchi. Vita ya Ukraine ilipoanza mwezi wa pili 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, kwani Urusi na Ukraine pamoja zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano inayopita kati ya inchi na inchi. Vita iko mbali, lakini kipande cha mukate kinapunguka katika mukono wa mutoto wa Kolwezi. Hata mahindi yetu, mengi yanapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoharibu mashamba ya Zambia, sisi nasi tulisikia. Muhogo unavumilia ukame zaidi, tena unangoja katika udongo mpaka uuhitaji.

Kuchanganya si jambo geni. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na chakula na kilimo, lilianza programu ya unga wa kuchanganya tangu 1964. Serikali ya Nigeria mwaka 2005 iliagiza wasagaji watie unga wa muhogo, sehemu 10 katika 100, ndani ya unga wa mukate. Agizo lile halikushika vizuri, sababu unga muzuri wa muhogo haukupatikana wa kutosha. Kwa hiyo kwanza unga uwe muzuri, mukate utafuata.

Hii ndiyo namna tunayotumia nyumbani kwetu. Kwa kilo moja ya unga, pima gramu 800 za ngano na gramu 200 za muhogo. Katika ule wa muhogo, toa vijiko vitano vya kula, pika na glasi moja ya maji upate uji muzito, acha upoe kabisa. Changanya unga uliobaki, kijiko kidogo cha chumvi kilichojaa mara tatu, sukari kidogo, na levire kavu vijiko vidogo vitatu. Tia uji, kisha maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka donge lishikamane. Usilipige sana. Lifunike, lingoje mpaka liwe mara mbili, ligawanye katika mikebe iliyopakwa mafuta, lingoje tena kidogo. Kama hauna furu, weka mikebe ndani ya sufuria kubwa yenye muchanga chini, funika, tia makala chini na juu ya kifuniko. Ikipita karibu dakika 40, gonga mukate chini yake: ukilia kama ngoma, umeiva.

Usizidishe muhogo kupita hapo katika mukate wa kuvimba. Muhogo hauna nyuzi za kushika hewa, mukate utakuwa muzito na utapasuka. Ukitaka kuacha ngano kabisa, uache pia kutafuta mukate wa kuvimba, pika kitu kingine. Ponda ndizi zilizoiva sana bila kutia maji, ongeza unga wa muhogo mpaka donge lisishike mikono, kata vipande vya muviringo, kaanga katika mafuta. Waganda wanaviita kabalagala, na wanaviuza barabarani kila siku. Hapo hakuna ngano hata punje.

Maonyo matatu

La kwanza: muhogo muchungu uko na sumu. Ni lazima uloweke siku tatu mpaka nne, kisha ukauke vizuri juani. Kule Kwango, watu waliokula muhogo usiolowekwa vya kutosha, bila chakula kingine cha kujenga mwili, walipata ugonjwa wa konzo, unaofunga miguu na haifunguki tena. Kama una shaka na unga, uchanganye na maji, utandaze mwembamba juu ya sahani pana, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku ileile. Sumu nyingi inatoka na hewa.

La pili ni letu sisi wa migodi. Wamama wengi wanatandaza mihogo kando ya barabara, pale malori ya madini yanapita. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Vumbi lile linashuka juu ya chakula. Tafadhali, mihogo iloweke katika maji safi, si katika muto unaopokea maji ya kiwanda. Ikauke juu ya meza au kitanda cha miti, mbali na barabara, imefunikwa na chandarua.

La tatu: muhogo unashibisha lakini haujengi. Katika gramu 100 za unga, ngano ina karibu gramu 10 za proteini, na muhogo haufiki gramu 3. Tazameni tena mustari wa Ezekieli: katika chombo kile mulikuwa kunde na dengu. Hata katika njaa kunde hazikusahauliwa! Basi mutoto anayekula mukate wa muhogo apate karanga, kunde, samaki ndogo au yai pembeni. Kumupa muhogo peke yake kwa sababu umesoma katika jarida letu, haiko vile tulivyosema.

Neno kwa vijana

Vijana wengi munatuambia: "Pasta, kazi hakuna, kama si kushuka katika shimo." Nimezika vijana walioshuka katika shimo, na sina neno jepesi la kuwaambia. Lakini watu watatu wenye furu ya matofali, kipimo cha kilo, na mama anayejua kuloweka muhogo vizuri, wanaweza kuanza kuuza mukate katika mutaa wao. Anzeni na kilo tano. Andikeni gharama ya unga, makala, levire na mafuta, kila kitu. Mumwambie munuaji wazi kwamba muna muhogo ndani. Musimudanganye, kwani mukate muzuri hauna haya ya jina lake.

Nanyi wazazi, kesho asubuhi mukiwa na bukari ya jana au viazi vitamu vya moto, fungueni mulango. Mwiteni mutoto wa jirani akae, ale pamoja na wenu. Shukuruni kwa sauti, watoto wasikie kwamba chakula hiki nacho kinashukuriwa.

Bwana abariki kinu chenu na chungu chenu.